Maji ya Bidoni

Buyenzi, Bujumbura
Jumapili, 20 Aprili 1997

Kwako Kaka yangu mpendwa Moubarak,

Assalamu alaykum warahmatullah. Kabla hujasoma zaidi, igeuze bahasha. Nimeifunga kwa gundi mara mbili, na juu ya gundi nimepitisha mstari wa wino wa zambarau wa maabara, ule usiotoka hata kwa sabuni. Ukiona mstari huo umekatika, ujue kuna mtu aliyeifungua kabla yako, na unijulishe upesi. Birindwa amevusha barua zetu ziwani tangu nchi jirani zituwekee vikwazo na hajapoteza hata moja, lakini siku hizi hata mtu mwaminifu namtazama mara mbili. Usinicheke.

Habari za huko Kigoma? Wifi Hayat hajambo, na watoto je? Sisi tunamshukuru Mungu. Mama goti linamsumbua kama ulivyoliacha, na bado anagombana na redio kana kwamba inamsikia. Idd ya kuchinja imepita juzi. Tulichinja kondoo mmoja kwa nyumba tatu, mwembamba kiasi kwamba Mama alimuuliza aliyetuuzia kama mnyama huyo naye yuko chini ya vikwazo. Watu walikuja, wakala, wakacheka, lakini kila mmoja alitaka mahali pa kukaa akiutazama mlango.

Barua yako niliipata Alhamisi. Unaniambia una mgeni: Herménégilde, yule aliyenifundisha kazi, ameshuka huko na mfuko mmoja, akauliza lilipo duka la vipuri la mtoto wa Mzee Amissi, nawe ukampa chumba cha uani. Watoto wanamwita mwalimu. Unasema hajui nani aliyemchongea, na hataki kujua. Mwishoni ukaniandikia salamu yake kama ilivyotoka kinywani mwake: “Mwambie Asiya amwage ile maji ya mu bidoni.” Ukaniuliza maana yake nini. Barua hii yote ni jibu la swali hilo, kwa hiyo kaa chini, na mlango uufunge.

Ulizoea kunitania kwamba napika uji wa vijidudu. Ndivyo ilivyo. Tunapika jeli, tunaimimina ingali vuguvugu kwenye visahani vyenye vifuniko, inaganda. Kikija choo cha mgonjwa wa kuhara damu, nachukua kitanzi cha waya, nakichoma kwenye taa ya spiriti mpaka kiwe chekundu, nakiacha kipoe, nagusa choo, nachora mistari juu ya jeli. Nachoma tena, nachora tena, mpaka vijidudu vitawanyike. Visahani vinalala kifudifudi kwenye kabati la joto, na kesho yake tunasoma kilichoota na kukijaribu kwa dawa. Daktari analingoja jibu hilo, maana kuhara damu kwa sasa kumezizoea dawa nyingi, na akikosea dawa mtoto anaweza kufa. Herménégilde ndiye aliyenishika mkono nikachora mstari wangu wa kwanza. Miaka sita nimekaa meza ya pili, kando yake. Baba alipofariki alilala matangani kwetu siku tatu, na ni wewe uliyempa shuka. Ikifika Ramadhani alikula mkate wake nje, nyuma ya jenereta, ili nisimwone.

Sasa, mwezi wa kwanza visahani vyangu vikaanza kuota kijani. Hakikuwa kijani cha ukungu wa mkate. Kiling'aa, kikatambaa juu ya jeli yote, na kilikuwa na harufu tamu ya tunda lililoiva kupita kiasi. Kilifunika kila kitu, nisiweze kusoma lolote. Nilirudia kazi, kikarudi. Nilichoma kitanzi mpaka waya ukakatika. Madaktari wakaanza kulalamika, na mkurugenzi wetu, Bwana Pontien, akaniita ofisini kuniuliza kama ndoa zinanipita kichwani badala ya kazi. Jambo lililonikera zaidi ni kwamba visahani vya Herménégilde, umbali wa mkono mmoja, vilikuwa safi.

Unajua nilivyo. Jambo likinikwama rohoni, nalitafutia mtu. Nikaanza kumwangalia. Kwetu bomba linaweza kukauka wiki nzima, kwa hiyo tuna bidoni ya lita ishirini yenye koki, ya kunawia mikono. Kuijaza ilikuwa kazi yangu, na dawa ya kuua vijidudu naitia mimi. Nikagundua kwamba Herménégilde hanawi tena pale. Alikuja na chupa yake ya chai yenye maji yaliyochemshwa nyumbani, akanawa kwayo, akaifunga na kuirudisha mfukoni. Kaka, katika mji huu, mtu asiyegusa maji ambayo wenzake wanayagusa, utamfikiriaje? Nikiingia alikuwa akiacha kuongea. Alikuwa amehamia Mutanga Nord akitoka mtaa uliochomwa, na nikajisemea kwamba mtu aliyechomewa nyumba lazima ana hesabu ya kulipiza. Siku moja aliniambia kwa upole, “Asiya, tubadirishe maji kwanza, mi naona ubaya uko humo.” Nikakasirika. Niliona ananitupia mimi uchafu wake. Nilimjibu kwamba mikono yangu nainawisha mara tano kwa siku kwa ajili ya Mungu kabla hata sijafika kwake.

Jumanne tarehe kumi na nane Februari, saa sita mchana, wote walikuwa wameenda kula. Nilirudi kuchukua mwavuli wangu. Nikamkuta Herménégilde ameinama juu ya bidoni, kifuniko kimefunguliwa, ana bomba la sindano mkononi. Aliniona, akashtuka, akasema atanieleza kesho atakapokuwa na uhakika. Sikungoja kesho.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Pontien. Nilipomaliza kusema alinisogezea karatasi. Aliniambia kwamba akiandika mwingine, watu watauliza ni wa upande gani katika vita hivi. “Lakini we uko mutu wa Buyenzi. We hauna upande. Ukiandika we, kila mutu ataamini.” Naona aibu kukuambia kwamba nilifurahi. Tangu tuzaliwe tunaambiwa sisi wa Buyenzi si wa huku wala wa kule, na siku hiyo kwa mara ya kwanza ikawa sifa. Nikaandika kwamba nimemwona akitia kitu kwenye maji ya hospitali kwa sindano. Akitia. Neno hilo nililiandika bila kusita, nami sikuona zaidi ya sindano na maji.

Jumatano asubuhi askari walikuja kumchukua, na kalamu yake bado iko nyuma ya sikio.

Alhamisi nilifungua kabati la joto. Chini kabisa, nyuma ya vyangu, kulikuwa na visahani viwili vyenye mwandiko wake. Huwa anaandika mgongoni mwa kisahani, kamwe si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana. Kimoja kiliandikwa maji yaliyochemshwa, na kilikuwa kitupu na kisafi. Cha pili kiliandikwa maji ya bidoni, tarehe kumi na nane Februari, saa sita na robo. Kilikuwa kijani tupu, kinang'aa, kinanuka tunda. Sindano ile ilikuwa inatoa, Kaka. Haikuwa inatia.

Nilielewa papo hapo, maana yeye mwenyewe alishanifundisha. Dawa ilikuwa imetuishia kwa sababu ya vikwazo, na mimi, ili chupa ya mwisho itufikishe mbali, nilikuwa nikitia kijiko kimoja kwenye lita ishirini. Wala sikuwahi kuimwaga bidoni na kuisugua. Nilijazia juu tu. Kuna vijidudu ambavyo dawa hafifu namna hiyo haiviui, vinaizoea na kuota ndani yake. Kila nilipokwenda kunawa nirudi safi, nilirudi navyo vikidondoka kutoka kwenye viganja.

Hapo ndipo ningepaswa kukimbia ofisini. Nilifunga kisahani cha kijani kwenye gazeti nikakitia mkobani. Saa tisa wakaja watu wawili. Walisema mfungwa anadai alikuwa akipima maji na kwamba ushahidi uko kabatini. Wakaniuliza mimi, kwa kuwa mimi ndiye mtu wa Buyenzi. Nikawaambia sijaona kitu. Mkoba ulikuwa begani mwangu. Kwa siku nane Herménégilde alikaa ndani, na kwa siku nane ushahidi wake ulikaa chini ya kitanda changu.

Na sikiliza lililo baya zaidi. Alhamisi ile ile nilimwaga maji, nikaisugua bidoni kwa mchanga na maji ya moto, nikaianika juani. Kijani kikaisha. Wiki iliyofuata visahani vyangu vilikuwa safi, na hospitali nzima ikasema mnaona sasa, tangu yule mtu aondoke hakuna tena uharibifu. Bwana Pontien alinipa meza ya kwanza, ile ya Herménégilde. Walimwachia kwa sababu hakuna mgonjwa aliyepatikana kanywa maji yale, lakini jina la mtia sumu lilikuwa limefika Mutanga Nord kabla yake. Alilala kwake usiku mmoja tu, akatoroka. Mwezi wa tatu nilikuandikia kwamba ameacha kazi kwa hiari. Nilikudanganya.

Juzi nilimpelekea mke wake, Spéciose, nyama ya Idd. Alinishukuru, akasema mi peke yangu wa labo ninayeingia bado kwake. Alinimiminia maji. Kabla ya kunipa glasi alikunywa yeye kwanza funda moja mbele ya macho yangu, bila kutabasamu, kisha akanipa. Majirani wamemfundisha kufanya hivyo kwa kila mgeni. Nikanywa. Nilihisi vibaya kuliko siku tulipomzika Baba.

Sasa unajua umemweka nani nyumbani kwako, na dada yako ni nani. Salamu yake imeninyima usingizi tangu Alhamisi. Wakati mwingine naona ni huruma ya mwalimu anayenihofia mikono yangu mpaka leo. Wakati mwingine naona anajua kila kitu na ananipima, kama alivyoipima bidoni. Hata yeye namshuku, baada ya yote niliyomtenda.

Kesho saa mbili naingia kwa Bwana Pontien na kile kisahani. Jeli imekauka na kupasuka, lakini mwandiko na tarehe vinasomeka. Nitampa na karatasi mpya niliyoiandika na kuitia sahihi. Nakala yake iko ndani ya bahasha hii, na Birindwa anaondoka alfajiri, kabla sijafika ofisini. Nimepanga hivyo makusudi, kwa sababu najijua, na mlangoni pale naweza kurudi nyuma. Wakinifunga, Mama usimwambie kwa barua. Njoo au mtume wifi.

Msalimie wifi Hayat, wabusu watoto, na mwambie mdogo kwamba shangazi hajasahau viatu alivyomwahidi. Mama anakuombea kila swala, na anauliza lini utakuja kumtengenezea redio hiyo.

Na mwalimu wangu msomee nakala hiyo baada ya chakula, asije akaacha kula. Akitaka kuondoka kwako, usimzuie. Kabla ya kumsomea, mpe jibu la salamu yake. Mwambie maji niliyamwaga, na kwamba niliyamwaga siku moja tu baada ya wao kumchukua. Hatahitaji umweleze zaidi.

Ni mimi dada yako mwenye kukutia aibu,
Asiya binti Amissi