Iveti au Kilimambogo

Jumanne, 9 Desemba 1997

Hii sijamwambia mtu yeyote, hata Mama: huwa naenda ithemboni kuongea peke yangu.

Ithembo ni kile kichaka cha miti mikubwa juu ya shamba la Susu, mama ya mama yangu. Zamani wazee walikuwa wanatolea sadaka pale. Siku hizi hakuna mtu anaingia. Susu ni mama wa kanisa, anasema ni mahali pa shetani. Baba ni Mwislamu, anasema ni shirki. Hao wawili hawajawahi kukubaliana jambo lingine, hata chumvi ya mboga. Lakini kwa ithembo wamekubaliana: Zamzam asikanyage.

Nami nakanyaga. Ni mahali pekee hakuna wa kunisikia. Mjomba Kaloki amesema wageni wake wakija ni mimi nitawakaribisha, eti niko na Kiswahili cha vitabu na Kiingereza cha masista. Mimi! Mimi ambaye mwalimu akinitaja jina sauti inashuka tumboni. Kwa hivyo naiambia miti: Karibuni sana Iveti, jina langu ni Zamzam. Miti haicheki.

Leo nimesema mpaka mwisho bila kukwama. Nikarudi nyuma nikijipigia makofi — mguu ukaingia.

Ardhi imepasuka. Ufa mrefu, unapita katikati ya miti na kupotelea kwa majani. Nimevua patipati nikaisimamisha ndani. Imezama yote.

Sitasema. Nikisema nimeona ufa, swali la kwanza litakuwa: umeuona ukiwa wapi?

Alhamisi, 11 Desemba

Mvua. Redio nzima ni Elnino, Elnino, na uchaguzi. Mahindi ya Susu yamelala chini kama watu wamechoka.

Mjomba haioni mvua. Alipopunguzwa kazi kule Athi River alikaa nyuma ya nyumba karibu mwaka mzima, hasemi, anachonga vijiti visivyokuwa na kazi. Sasa anaongea mpaka chakula kinapoa. Mpango wake: kuleta watu wa Nairobi watembee milimani siku nne, wale vyakula vyetu, waone utamaduni. Wa kwanza ni kikundi cha matembezi kinachotaka kutoka mjini kabla ya kura. Lakini hawajaamua kama watakuja kwetu Iveti au Kilimambogo. Ukisimama uani kwa Susu, mawingu yakifunguka, Kilimambogo unaiona ng'ambo ya uwanda, imekaa peke yake. Kuna bwana huko pia anawataka.

Mjomba jana, na tonge mkononi: Huko wako na nyati. Sawa. Nyati atawapikia muthokoi? Nyati atawachezea kilumi?

Susu bila kugeuka: Na wewe utawachezea kilumi, ngoma ya pepo, kwa boma yangu? Jaribu nikuone.

Tukacheka wote. Nilicheka mpaka nikasahau ule ufa.

Halafu akanipeleka kuona uwanja wa mahema. Ameukata kwa jembe na mikono yake kwenye mteremko, chini kidogo tu ya ithembo, ili wageni wakiamka waone uwanda wote. Na ameziba mtaro wa juu maji yasipite kwa mahema. Sasa yanazunguka upande wa miti. Akauliza, unaonaje, mami? Nikasema ni pazuri. Ni pazuri kweli.

Alipoenda kulisha mbuzi niliyafuata yale maji. Yanafika kwa ufa, yanaingia. Nimesimama pale mpaka nguo zikashika mwili. Yanaingia tu. Hayatokei popote.

Jumamosi, 13 Desemba

Nimefanya nini!

Tulishuka Machakos na Mjomba, kwa duka la Baba, kungoja simu ya mama anayeongoza kile kikundi cha Nairobi. Simu ya Baba iko na kufuli kwa ile duara ya nambari, lakini ya kupokea haina shida. Baba alikuwa anapimia mtu kitambaa. Ikalia. Mjomba akaniashiria — shika wewe, wewe ndiye uko na lugha.

Anaitwa Bi Mwanaasha. Sauti ya pwani, tulivu, kama anakupangusa uso. Akasema bado wamegawanyika, nusu Iveti, nusu Kilimambogo. Akauliza hali ya mvua. Nikasema inanyesha. Akacheka: inanyesha kote, mwanangu. Halafu akasema, hebu niambie kweli, mambo ya biashara weka kando. Lau ungekuwa wewe mgeni, ungelala wapi?

Hakuna mtu amewahi kuniuliza mimi kitu kama hicho. Mdomo ulikuwa wazi. Jina la Kilimambogo lilikuwa tayari kwa ulimi, nililisikia uzito wake. Mjomba amesimama karibu mpaka pumzi yake inanigonga shavu, ameshika kofia kwa mikono miwili kama yuko kanisani.

Nikasema Iveti.

Kwa nini?

Nikasema — kuna maji mazuri.

Mjomba alininunulia mandazi na soda. Njia yote ya kurudi aliimba.

Jumanne, 16 Desemba

Mlango wa chumba cha Susu, tunacholala sisi wawili, umeanza kukwaruza sakafu. Mjomba amesema mbao zimenyonya mvua zikavimba. Akautoa, akaupiga randa, akaurudisha. Safi. Unafunguka kwa kidole.

Susu amehamisha mbuzi. Walikuwa banda la juu, sasa wako kwa jirani, kule bondeni ng'ambo ya mto. Nikamuuliza kwa nini. Wanapiga kelele, amesema. Mbuzi wamepiga kelele tangu nizaliwe!

Ijumaa, 19 Desemba

Nimejaribu. Naandika ili nijue nilijaribu.

Nilimpata Mjomba akipaka choo cha wageni chokaa. Nikasema, Mjomba, wageni wasije. Imetoka ndogo sana. Akasema eeh? Nikarudia. Akaweka brashi chini, akanishika bega: Mami, hiyo ni aibu tu. Hata mimi siku ya kwanza kazini nilitetemeka. Wageni hawaumi.

Nikasema hapana, ni ardhi. Ardhi imepasuka.

Wapi?

Hapo ndipo ilikuwa niseme. Niliona uso wa Baba. Niliona Susu akiniita mbele ya mama wote wa kanisa waniombee. Nikasema: kwa shamba. Huko — kwa mihogo.

Akacheka vizuri, bila ubaya. Ni Elnino, mami. Kila mahali kumepasuka, hata lami imepasuka. Mlima huu umenyeshewa tangu Nuhu.

Akachukua brashi. Nikamsaidia kupaka. Hiyo ndiyo akili yangu: nimesaidia kupaka.

Mlango umepigwa randa tena leo. Juu umebaki mwanya wa kupitisha mkono, chini unakwaruza. Kama mbao zimevimba, kwa nini zivimbe upande mmoja?

Jumapili, 21 Desemba

Chemchemi imetoa maji mekundu. Ile ile niliyomsifia Bi Mwanaasha. Susu alichota, akatazama ndani ya mtungi muda mrefu, akamwaga. Amelala na gamubuti miguuni. Nikamwambia Susu, viatu! Akasema miguu ni baridi.

Wanakuja kesho.

Jumatatu, 22 Desemba

Wamekuja. Kumi na mmoja, na mabegi makubwa kama wanahama. Bi Mwanaasha ni mfupi kuliko sauti yake. Amekuja na binti yake Firdaus, wa darasa la kwanza, meno mawili ya mbele hayako.

Nami niliongea! Sijui ilitoka wapi. Nilisimama mbele ya jiko la Susu nikasema yote, Kiswahili halafu Kiingereza, sikukwama hata mahali pamoja. Karibuni sana Iveti. Hapa ni nyumbani kwenu. Laleni kwa amani. Wakapiga makofi. Mjomba aligeuka kando akajifanya anafukuza kuku, lakini niliona anapangusa macho.

Laleni kwa amani. Mimi ndiye niliyesema hivyo.

Walipanda kusimamisha mahema. Firdaus alinishika mkono akaniuliza mbona ile miti inainama. Ipi? Ile, yote. Nikatazama. Miti ya ithembo, ile niliyoihutubia siku hizo zote, imeegemea chini, upande wa mahema. Kama watu wanaosikiliza. Bi Mwanaasha akasema ni upepo, mama. Hakukuwa na upepo.

Jumanne, 23 Desemba

Asubuhi. Kupanda kileleni kumeahirishwa, mvua haionyeshi njia. Wageni wako mahemani wanacheza karata. Mjomba ameahidi badala yake leo ni utamaduni: Susu atawasimulia hadithi, mimi nitafsiri kutoka Kikamba. Ameupiga mlango randa mara ya tatu. Safari hii ametoa nyingi, mwanya kila upande, paka anapita. Sasa uvimbe tuone, akauambia mlango.

Chemchemi haitoi chochote. Si maji mekundu, si meusi. Imenyamaza. Mvua hii yote na chemchemi imekauka.

Mchana. Nimetoka ithemboni. Nilienda na mwavuli wa Baba, ule mkubwa wa dukani, nikasema nitapima, halafu nitaenda moja kwa moja kwa Bi Mwanaasha na nitasema nilikuwa wapi na wanipige wakitaka. Ufa si ufa tena. Upande wa chini umeshuka, uko kama ngazi ya kwanza. Nikauingiza mwavuli. Ukaingia mpaka mkono. Nikalala kifudifudi nikausukuma zaidi — nikauachilia. Sikusikia ukigonga.

Nilikimbia. Nilipita katikati ya mahema. Bi Mwanaasha alikuwa amekaa kwenye mlango wa hema lake anamsuka Firdaus. Akaniona nimelowa, matope mpaka kifuani. Akasema, mwanangu, kuna nini? Njoo.

Nikafungua mdomo. Watu wote wakageuka kunitazama, karata mikononi. Wote. Na Mjomba nyuma yao na birika la chai, anatabasamu, anangoja nizungumze vizuri kama jana.

Nikasema: Nimeanguka.

Wakasema pole, pole sana. Mtu akanipa leso. Nikashuka.

Jioni. Nimejikausha. Nimeamua. Mdomo ukikataa, basi mkono. Nitaandika kila kitu kwa karatasi — ufa, maji, mwavuli, ithembo, mimi — na nitampa Bi Mwanaasha mkononi, atasoma mwenyewe mbele yangu. Nimechana karatasi kutoka humu humu. Nimeshaandika: Bi Mwanaasha, tafadhali toka hapo na watu wote sasa, usingoje asubuhi.

Nyumba imetoa sauti. Kama mtu anayenyoosha mgongo. Vumbi limeanguka kwa mto wa kulalia wa Susu.

Susu ameshapanda kwa mahema, nasikia wageni wanacheka huko juu. Amepanda na gamubuti zake na kiti chake. Yaani hata yeye! Labda anajua na amechoka kujua. Labda aliona Mjomba anavyofurahi akashindwa kusema, kama mimi.

Vishindo. Uani, kwa matope. Ni Mjomba, najua anavyotembea. Ngoja — hii karatasi haijaisha, asiione, atadhani namharibia — naiweka chini ya godoro —

Anaita. Zamzam! Mami! Susu ameanza, wageni wanangojea tafsiri!

Anasukuma mlango. Haufunguki. Anacheka: Sasa umejifungia? Aibu tena? Toka, msemaji wangu.

Sijajifungia. Komeo liko wazi, naliona kutoka hapa. Na ule mwanya wa paka hauko. Mlango umeumwa na fremu pande zote.

Anasukuma kwa bega. Mara moja. Mara nyingine.

Hacheki tena.