Stesheni ndani ya mihogo ya mkwe

Muzamili, shika simu usome. Nimeharibu kitu huku Manibe.

Unajua ile treni yangu ya kuchezea, na ile stesheni ya mji wa Pakwach nataka kutengeneza na waya na makopo. Nyumba iko ndogo, sasa leo nimepima ramani yake nje, kubwa nione vizuri, kwa uwanja wa mkwe wangu. Nikapiga vigingi, nikafunga kamba, nikaandika kwa vibao: RELI 1, RELI 2, STESHENI, hii ya mwisho ndani ya mihogo yake. Halafu nikaenda kunywa chai.

Narudi, watu wamejaa. Mama Driciru jirani anapiga vigelegele. Mkwe, mzee Anguzu mwenyewe, ananishika mkono: "Kumbe serikali imekutuma wewe kuleta reli, na unanyamaza."

Nikasema hapana baba, hii iko treni ndogo, ya kukaa juu ya meza.

Akasema, "Ndiyo. Zote zinaanza ndogo."

Zote zinaanza ndogo, Muzamili. Na watu wakapiga makofi.

Nikaleta kopo ya samaki, nikasema hii ndiyo behewa, angalieni. Wakacheka. Eti mtu wa serikali hawezi kutoa siri yote.

Sasa naandika nyuma ya choo. Mzee anang'oa mihogo, bado michanga, chakula yetu ya mwaka mzima. Anasema stesheni haiwezi kukaa ndani ya mihogo.

Nimemkimbilia mke wangu Lillian. Yeye anajua, kila jioni ananiona nakata makopo. Nikamwomba amwambie baba yake ukweli.

Ameangalia vigingi, akaniuliza polepole: "Inafika hapa mwezi gani?"