Mashine Inayolikataa Jina Langu

Jumanne, 3 Juni 2008

Kompyuta ya sebuleni imepoteza jina lake leo saa nne na robo asubuhi. Mara ya pili hiyo. Ya kwanza ilikuwa Jumatatu ya tarehe 26 Mei.

Jina ni ALUTE. Jina langu. Fundi Antipasi alipovuta waya kutoka sebuleni, ukapita tundu la ukutani hadi kwenye fremu ya mbele, chumba changu cha biashara, aliniuliza mashine iitwe nani ili kompyuta hizi mbili, ya ndani na ya fremu, zifahamiane. Nikamwambia iitwe jina la mwenye mali. Nilianza na taipureta moja nje ya mahakama mwaka 1988, nikiwaandikia watu hati zao. Nina haki ya kuweka jina langu kwenye kitu.

Leo nipo fremu, mteja amesimama, natuma kazi kwenye printa ya ndani. Mashine inanijibu kwamba ALUTE haipatikani. Nimekaa hapo hapo! Mteja akacheka mpaka akashika meza, akasema basi mzee umeshatutoka.

Nimeingia ndani. Printa inawaka. Joyce, mke wa mwanangu Andrea, anataipu kama hakuna lililotokea. Jina limekuwa NYUMBANI. Nikamwuliza nani kagusa. Akasema, labda umeme, Baba. Macho kwenye kibodi.

Nimerudisha jina. Zima, washa, unganisha printa upya. Dakika thelathini na nane za maisha yangu. Upuuzi mtupu.

Alhamisi, 5 Juni

Kazi kubwa imeingia. Mwalimu Marko wa Ikungi ameleta mitihani ya mock ya kidato cha nne. Masomo tisa, kurasa nne kila somo, wanafunzi 118. Kurasa 4,248. Printa yangu inatoa kumi na mbili kwa dakika, kwa hiyo saa tano na dakika hamsini na nne, umeme ukiwa na adabu. Anachukua Ijumaa tarehe 13, saa sita mchana. Mitihani inaanza Jumatatu.

Amesema wazi kwamba shule nyingine tatu zinamtazama yeye. Nikifaulu, na zao zinakuja kwangu. Nikichelewa, hata yeye harudi.

Joyce ndiye atakayetaipu. Hesabu na fizikia, zile alama zake, mimi siziwezi. Yule mtoto anaziweza, sitamnyima sifa yake.

Jumamosi, 7 Juni

Tena!! SEBULENI. Jina gani hilo? Kesho itaitwa JIKONI.

Kuna mtu ananifanya mjinga. Nimechukua karatasi, nimeandika. Tangu tarehe 26 Mei umeme umekatika mara saba. Jina limebadilika mara tatu. Siku ambazo vyote viwili vimetokea pamoja: moja. Umeme hauna hatia.

Virusi? Antipasi aliweka dawa juzi Jumanne, akasema mashine ni safi. Na mimi ninawaza, kirusi gani kinachojua Kiswahili?

Jumatatu, 9 Juni

Leo imeitwa BABA.

Nimesimama mbele ya kioo cha kompyuta dakika nzima. Hii si hitilafu. Hii ni kejeli. Mtu anakaa, anafikiri, anachagua neno la kunichoma, anabonyeza. Kinyaa kimenishika, hata chai sikunywa.

Nimerudi kwenye karatasi yangu na leo nimeona. Antipasi huwa anapiga simu ya mke wangu, kwa kuwa Kristina hatoki nyumbani, anampa Joyce, wanaongea mambo ya mashine. Nimemhoji Kristina tarehe moja moja. Tarehe 26 Mei alipiga, kuulizia kama waya unashika. Tarehe 3, habari za dawa ya virusi. Tarehe 7 na leo, kwa sababu mimi mwenyewe nilimlalamikia kuwa mashine ni nzito.

Simu nne. Majina manne. Nne kwa nne!

Anaibadilisha yeye, kwa njia zao za mafundi, ili nimwite kila wiki. Nimempata.

Jumanne, 10 Juni

Nimemwambia Antipasi aje. Alipofika Mwalimu Marko alikuwepo, amekuja kuangalia kazi imefika wapi. Vizuri, nikasema moyoni, apatikane shahidi. Nikamsomea fundi karatasi yangu tarehe kwa tarehe, nikamwita tapeli mbele ya mwalimu na wateja wawili.

Fundi alikuwa anakunja waya wake taratibu. Kisha akasema:

"Mzee, mimi siwezi kugusa mashine yako nikiwa kwangu. Nikipiga huwa namwomba shemeji Joyce anisomee jina la mashine, basi. Halafu ananiambia nisubiri. Nasikia mashine inazima, inawaka. Ndipo ananisomea."

Akachukua begi lake. Shikamoo aliyonipa wakati wa kuingia ndiyo ilikuwa ya mwisho. Kuaga, hakuaga.

Nikaingia ndani kwa hasira ile ile. Kiti kitupu. Joyce alikuwa uani anafua nguo ambazo zilifuliwa jana.

Jumatano, 11 Juni

Kristina amenieleza asubuhi, bila kunitazama, anachambua mchele.

Jumapili ya tarehe 25 Mei mama yake Joyce alikuja kututembelea kutoka Kintinku. Nakumbuka, alileta kuku. Mimi nilikuwa fremu, kama kawaida nikapaza sauti kupitia tundu la ukutani: Joyce, Alute amewaka? Naye akajibu kwa sauti, Alute amezima, Baba, nimzindue? Yule mama akaweka kikombe chini. Chai hakuimaliza. Kwao mke halitamki jina la baba mkwe, sembuse kumtangaza kuwa amezima. Kabla ya kupanda basi alimwambia bintiye maneno machache tu, na Joyce aliyalia jikoni. Kesho yake Antipasi akapiga simu, anataka asomewe jina.

Nikamwuliza Kristina kwa nini Joyce hakuniambia.

"Angekuambiaje, Baba Andrea? Aseme nini? Aanze na neno gani?"

Halafu akaongeza kuwa mama yangu mzazi alimwita baba mkwe wake "yule wa nyumba kubwa" kwa miaka arobaini, na mimi nililelewa ninasikia. Kweli. Nimelelewa ninasikia. Nikavuta waya, nikabandika jina langu juu ya mashine, nikamkalisha binti wa watu mbele yake saa nane kwa siku, na wateja wanauliza kwa utani kama Alute amekwama karatasi.

Na karatasi yangu ya hesabu! Tarehe zote sahihi. Jumla sahihi. Ila mtu niliyemwita tapeli siye. Najichukia kuisoma.

Alhamisi, 12 Juni

Saa tano na nusu asubuhi.

Tangu juzi Joyce hajagusa mashine. Anapika, anafagia, ananisalimia kwa kupiga goti, anapita. Masomo saba yako tayari, nimeyachapa mwenyewe jana, kurasa 3,304. Bado hesabu na fizikia. Kurasa 944, dakika sabini na tisa za printa. Kutaipu kunataka saa tano za mikono yake. Akianza saa saba mchana, saa kumi na mbili jioni amemaliza, nachapa kabla ya kulala. Akianza baada ya hapo nategemea asubuhi, na asubuhi hapa umeme ni bahati.

Antipasi nimemwambia kwa simu aje kesho saa sita, Mwalimu Marko atakuwepo. Niliyoyasema mbele yake nitayafuta mbele yake. Amesema ataona.

Saa sita na dakika kumi.

Nimefungua mwenyewe kile kisanduku cha jina. Nimefuta ALUTE. Herufi tano, mguso mmoja mmoja. Kistari kinapepesa mahali patupu. Kwenye kibodi nimeacha karatasi, maana mdomoni nisingeweza, na sitaki Kristina abebe maneno huku na huku:

"Joyce. Jaza jina lolote ambalo unaweza kumsomea mtu kwenye simu, mama yako akiwa amekaa pembeni yako. Sitalirudisha la zamani. Kama hutaki tena kazi hii, niandikie HAPANA kwenye hicho hicho kisanduku, nimwendee Mwalimu leo nimwambie ukweli. Sitakasirika. Labda umeme, sitaki tena kusikia. Nijibu kabla ya saa saba kamili mchana."

Nipo fremu. Nimesikia kiti cha sebuleni kikivutwa. Kibodi bado kimya. Saa sita na dakika thelathini na mbili. Joyce, ndiyo au hapana?