Nilisema Mutheu Ana Haya

Ijumaa, Mei. Jioni.

Tangu asubuhi mawingu yamevikalia vilima vya Iveti, na mvua iliyotabiriwa na kila mtu hapa Machakos haikunyesha. Sina huzuni, wala siwezi kusema nina furaha. Nina jambo la kuandika, na ningependa kuliandika kwa utaratibu kabla sijaanza kulipamba.

Kazi yangu ni kuwasaidia vijana viziwi wanaomaliza kidato cha nne wavuke salama hadi utu uzima. Kila mmoja tunamwandalia mpango: atajifunza nini, atajifunzia wapi, ataishi na nani. Ukurasa wa kwanza wa mpango huo una sentensi niliyoitunga mwenyewe, na kwa muda mrefu nimeijivunia: kijana ndiye mwenye mpango.

Jumanne nilimpeleka Mutheu kwenye usaili katika chuo kimoja cha ufundi. Ana miaka kumi na tisa, kwao ni Kola, na nilikuwa mwalimu wake kwa miaka minne. Niliketi kando yake kama mkalimani. Kanuni ya ukalimani ni nyepesi kuieleza: kinachosemwa kwa sauti nakipeleka mikononi, kinachosemwa kwa mikono nakipa sauti. Maoni yangu hayana kiti katika chumba hicho.

Naibu wa mkuu wa chuo alimuuliza angependa kujifunza kazi gani. Mutheu hakusita. Aliinua kiganja akafunika uso, kama fundi aliyevaa kinyago, na kwa mkono wa pili akavuta mstari polepole hewani. Kuchomelea vyuma.

Nikasema, "Ushonaji."

"Na hiyo ya kufunika uso ni nini, madam?"

"Ana haya kidogo."

"Ah, msichana wa haya hatanisumbua," naibu akacheka, akaandika.

Nilikuwa na sababu. Darasa la ushonaji limewahi kupokea wasichana viziwi, na mwalimu wake anajua ishara chache. Katika karakana ya vyuma hakuna anayejua hata moja. Mtu akipiga kelele kwamba kitu kinaanguka, Mutheu hatasikia. Zaidi ya hayo, nilihofia kwamba akitamka vyuma atakataliwa kabisa. Nilijua kuwa likizo zote huzimaliza Masii, kwenye kibanda cha mjomba wake, akiunganisha fremu za madirisha na kukarabati wilibaro. Niliamua, bila kumuuliza, kwamba huo ulikuwa mchezo tu.

Bado naziona sababu hizo kuwa nzuri. Hilo ndilo linalonisumbua.

Jana barua ya kujiunga na chuo ilitoka. Mama yake aliileta ofisini pamoja na mfuko wa mbaazi mbichi, akanishukuru mara tatu. Mutheu, aliyekuja naye, aliichukua barua taratibu, akaitandaza mezani mbele yangu, na kidole chake kikatua kwenye neno moja.

Nilimfundisha kusoma. Alisoma.

Hakunikaripia. Aliuliza kwa ishara: Ulisema nini? Nikamwambia yote, pamoja na ile habari ya haya. Kisha nikamweleza mama yake kwa sauti, kwa sababu safari hii sikuthubutu kuacha kitu njiani.

"Lakini mwalimu, hata mimi nilishangaa," mama Mutheu alisema. "Huyu kifungo cha blauzi yake kikitoka, ananiletea mimi!" Alicheka, halafu kicheko kikamwishia. "Sasa ukirudi huko useme hivyo, na wamnyime nafasi zote mbili?"

Nililipeleka swali hilo mikononi, neno kwa neno, bila kulipunguza makali. Mutheu akajibu: Turudi.

Leo asubuhi tukarudi.

"Yaani madam, uliketi kwa hicho kiti ukanidanganya, na mimi nikakuchekea?" naibu aliuliza. Nilikubali. Aliichukua barua akairudisha kwenye faili. Nafasi ya ushonaji atapewa mwingine aliyekuwa akingoja. Kuhusu vyuma, alisema, uamuzi ni wa mwalimu wa karakana.

Huyo tulimkuta ndani ya aproni ya ngozi iliyotobolewa na cheche. Alizungumza nami, si na Mutheu. "Hapa kazi ni ya masikio, dada. Hatari ikija, mtu anaitwa jina."

Nikatafsiri. Mutheu akaokota chaki, akaandika juu ya bamba la chuma: Nigonge bega.

Yule bwana alisoma, akalitazama bega lenyewe kana kwamba analipima, akatabasamu. Akachukua chaki yake, akachora vyuma viwili vinavyokutana pembeni. Mutheu akaonyesha mahali ambapo angeanza kuchomelea. Bwana akatikisa kichwa, akaonyesha mahali pengine. Wakaendelea hivyo kwa muda ambao sikuupima. Mimi nilisimama kando, mikono ndani ya mifuko ya sweta, nikishangaa jinsi mtu anavyoweza kukosa kazi haraka namna hiyo.

Amempa wiki mbili za majaribio kuanzia Jumatatu. Zikimshinda, hakuna nafasi ya ushonaji ya kurudia. Ningependa kuandika kwamba ukweli ulilipa. Sijui kama umelipa. Ninachojua ni kwamba jana alikuwa na nafasi ya hakika, na leo ana chaki na siku kumi na nne.

Tulipofika langoni aliniambia kwa ishara: Jumatatu usije.

Nimeirudia ishara hiyo kichwani mchana kutwa. Huenda haniamini tena, na ana haki. Huenda pia ni kusimama peke yake, lile jambo ambalo mpango wangu wote ulidai kuliandaa, na lilipokuja sikulitambua kwa sababu lilinielekea mimi kama mlango unaofungwa. Kati ya maana hizo mbili siwezi kuchagua, na pengine si juu yangu kuchagua. Niliwahi kuchagua maana kwa niaba yake Jumanne.

Usije ni usije. Hiyo naitafsiri kama ilivyo.

Jumatatu sitakwenda.