Sepetu Moja Tu

Mto Feather, California, Septemba 1850

Keziah mke wangu, Bwana akulinde.

Soksi ulizotufumia zimefika. Za kaka yako Enos nimemvalisha mwenyewe, maana alishikwa na homa, na Jumanne Mungu akamchukua. Lia, mpenzi, nami nimelia.

Huku shimo la dhahabu ni lako maadamu umeacha chombo ndani. Tulikuwa na sepetu moja tu. Niliichomoa, nikamchimbia kaburi la kina, mbwamwitu wasimfikie. Niliporudi, mtu yumo shimoni, anacheka.

“Mzee, ulikwenda kulima viazi? Hukuacha chombo, sasa ni langu!”

Sikugombana naye. Narudi mikono mitupu, mama watoto. Mwambie mama mkwe kwamba mwanawe hakuzikwa na wageni.

Mumeo akupendaye,
Alden Pruitt