Faili Linatumika

3 Machi

Shemeji,

Habari za huko machimboni? Natumaini kifua kimepona na mitambo haikuonei sana. Sisi tupo. Njugu ameota jino la tano, na hasira za kila jino anazimalizia kwangu. Mimi nimechoka, lakini uchovu si ugonjwa, basi nasema ni mzima.

Nakuandikia kwa sababu fundi wa kompyuta katika ukoo ni wewe, na simu huko haishiki. Kompyuta ya marehemu kaka yako imejaa. Shule wamenipa kuchapa mitihani yote ya mwisho wa muhula, na mwalimu mkuu amesema wazi kwamba nikichelewa kazi inahamia kwa mwingine na hairudi. Kazi hiyo ndiyo uji wa mtoto.

Sasa kuna folda moja kubwa kuliko zote, marehemu aliipa jina "Asubuhi". Sijaifungua na sitaki. Nikifungua kitu chake kimoja, siku nzima imekwenda, na mimi nina mtoto mgongoni. Nimeamua kuifuta. Kompyuta inakataa. Inasema faili linatumika kwenye programu nyingine. Nimefunga kila kitu, lakini inashikilia neno lilelile kama shahidi aliyefundishwa. Nifanyeje?

Barua nampa dereva wa lori la mafuta, kama kawaida.

Shemeji yako,
Mama Njugu

12 Machi

Shemeji,

Barua nimeipata, na Njugu mpe pole ya meno. Hapa tunakula vumbi, lakini tunaamka.

Zima kompyuta, hesabu hadi mia, iwashe, kisha ufute kabla hujagusa kitu kingine. Ikikataa, rudia. Ikikataa tena, iache siku mbili. Usiipeleke kwa fundi wa barabarani. Hao dawa yao ni moja, kufyeka.

Sikulaumu. Kila mtu ana namna yake ya kubeba. Lakini mbona mapema hivi, shemeji? Hata miezi mitano haijatimia.

Baba mdogo wa Njugu

17 Machi

Shemeji,

Tunashukuru kwa pole, imefika na jino la sita.

Nimezima na kuwasha mpaka kitufe kimelegea. Inakataa. Na umeniuliza mbona mapema. Nitakujibu mara moja tu, tusirudie. Shati lake bado liko msumarini nyuma ya mlango, na sijalifua. Sifuti mtu. Natafuta nafasi ya kuweka mitihani.

Kuna kitu nimekiona. Kila nikiwasha, ile alama ya spika pembeni inarukaruka kana kwamba kuna kinachosema, na hakuna sauti. Spika zenyewe nilizichomoa wiki ya msiba, watu walihitaji meza ya kuwekea vikombe, nikazisukuma chini ya kitanda. Hiyo alama maana yake nini?

Shemeji yako,
Mama Njugu

9 Aprili

Shemeji,

Natumaini u mzima, maana dereva amekuja mara mbili mikono mitupu, na nikimuuliza anaangalia matairi yake.

Juzi nilichapa kurasa kumi na moja, kompyuta ikagoma kuhifadhi, zikapotea. Jana mwalimu mkuu alikuja mwenyewe. Hakuketi. Akasema kwa upole, na huo upole ndio ulionitisha, "Mama, mwisho Jumatatu. Zaidi ya hapo sina la kuwaambia wenzangu."

Jumamosi naipeleka kwa fundi wa pale kituoni. Sijakudharau. Nimekungoja.

Shemeji yako,
Mama Njugu

10 Aprili

Shemeji,

Salamu zinanishinda, nianze na kosa.

Nilidhani unaisikia. Unakumbuka siku niliyokuja kwenu kusafisha vumbi ndani ya kompyuta, wewe ukiwa wodini na marehemu? Alikuwa amenituma. Ile "Asubuhi" ni sauti yake. Alirekodi kwa simu pale kitandani, kila alfajiri ulipotoka kufua nepi, siku arobaini na moja. Niliiweka ianze yenyewe kila unapowasha kompyuta, na programu nikaificha. Alitaka siku utakayorudi kazini yeye ndiye akuamkie. Akanikataza nisiseme.

Ulipoandika unataka kuifuta, nikajua umemsikia ndugu yangu na umemchoka. Nikaudhika. Nikakwambia zima, washa, nikijua ukiwasha tu anaanza kusema tena. Faili linakataa kwa sababu yeye anaongea.

Halafu ukaandika habari za spika. Wiki tatu natembea na barua hiyo mfukoni. Ameongea kila asubuhi, na wewe uko hapohapo mbele yake.

Chomeka spika. Ukishasikia, uamuzi ni wako. Njia ya kufuta nimeiandika nyuma ya karatasi hii, bila hila. Nisamehe.

Baba mdogo wa Njugu

14 Aprili

Shemeji,

Sisi wazima. Barua yako imefika jana Jumatatu, jioni. Kwa fundi nilikwenda Jumamosi.

Ni mzee mpole, miwani yake imefungwa uzi. Aliiwasha, akaiambia ifute. Ilipogoma kwenye faili moja akabonyeza "ruka". Mimi siku zote nilikuwa nabonyeza "ghairi". Mengine yote arobaini yakaenda, akamwaga na pipa la taka la humo ndani. Akasema, "Hili moja limeng'ang'ania, mama, lakini nafasi umepata. Liache, halina neno." Nikamshukuru. Nilimshukuru, shemeji, kwa mikono miwili.

Barua yako nimeisomea jikoni, nimesimama. Nikatoa spika chini ya kitanda, nikazipangusa kwa upindo wa gauni, nikachomeka. Lililobaki ni lile lililokuwa likisema wakati wenzake wanafutwa. Lina dakika arobaini. Nyingi ni kupumua kwake, na magurudumu ya toroli la dawa likipita. Halafu anasema, "Mama Njugu, umeamka? Kunywa chai kwanza. Kazi haikimbii." Anacheka kidogo, anakohoa, anasahau kuzima.

Mitihani niliipeleka kwa wakati, kazi ninayo.

Leo sikulaumu. Labda kesho, na nikikulaumu nitakuandikia. Ila usinifiche tena kitu kwa kunihurumia, wala kwa kunikasirikia. Nyuma ya karatasi umenifundisha kufuta. Sasa nifundishe kulifunga faili hili lililobaki, lisifutike hata siku nitakayotaka mwenyewe.

Asubuhi hii nimewasha. Njugu alikuwa sakafuni na kijiko chake. Sauti ilipoanza akaacha kugonga, akasikiliza, kisha akatambaa hadi nyuma ya meza, kwenye nyaya, kumtafuta. Alikaa huko muda mrefu.

Sikumtoa.

Shemeji yako,
Mama Njugu