Kinga ya Banda la Kuku

Jumanne, baada ya chakula

Itambulike kwa jogoo, mitetea na panya wote wa ua huu kwamba tangu jana banda la kuku limo chini ya ulinzi wa dawa. Mdogo wangu amelinyunyizia maji yaliyobaki kwenye kibuyu chake, yaleyale aliyokunywa ili risasi za Wadachi zigeuke matone. Kama yanazuia bunduki, nyoka ni nini?

Asubuhi nilimkuta mtetea amekufa kiotani. Mayai hayakuwepo.

Nilimwita mdogo wangu aje ajionee mwenyewe, maana leo ndiyo siku ya kwenda vitani. Alichuchumaa, akatazama sana.

“Dawa haina kosa, kaka. Ina mwiko. Aliyekingwa haruhusiwi kumgusa mke. Sasa huyo jogoo wako, unamwonaje?”

Nilicheka. Yeye hakucheka.

“Na wewe je?” nikamwuliza.

“Mimi si jogoo.”

Mkewe alikuwa anatwanga mahindi karibu yetu. Mchi ulisimama hewani, kisha ukaendelea, taratibu kuliko mwanzo.

Nilitaka kumwambia abaki. Badala yake nikamwonyesha nyuma ya banda, mahali panya walipotoboa ukuta na nyoka akapata njia.

“Maji hayajaziba hapa,” nikasema.

“Basi ziba wewe, kaka. Mimi wenzangu wananingoja.”

Nimeziba tundu kwa mawe na udongo. Alipoondoka udongo ulikuwa bado mbichi.